Maswali ya Kumuuliza Meneja wa Mtaji wa Ubia Kabla Hujatia Saini

Meneja wa mfuko wa mtaji wa ubia, yaani fedha za kununua hisa za kampuni changa, akialikwa mbele ya bodi, hukosi kusikia mambo matatu: timu yetu ina uzoefu, tunafahamiana na watu wengi, na soko la Afrika Mashariki linakua. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini hata meneja aliyezamisha mfuko uliotangulia angeyasema hayo hayo, kwa hiyo hayakusaidii kuamua. Swali la maana ni lile linalojibika kwa karatasi: jedwali, taarifa ya benki, kifungu cha mkataba, hesabu zilizokaguliwa. Mengine ni mazungumzo ya chai.

Tunawaandikia hasa wadhamini wa mifuko ya pensheni, viongozi wa vyama vya uwekezaji na familia zenye akiba ya kutosha kufikiria uwekezaji wa aina hii. Nchini Kenya, kanuni za Mamlaka ya Mafao ya Uzeeni (RBA) zinaruhusu mfuko wa pensheni kuweka hadi asilimia 10 ya mali zake kwenye hisa za kampuni zisizo sokoni, mtaji wa ubia ukiwemo. Ruhusa hiyo ni ukomo tu. Hakuna anayelazimika kuufikia.

Kwanza tuelewane jinsi mfuko unavyoendeshwa. Hukabidhi fedha zote siku moja. Unaahidi kiasi, tuseme dola 500,000, kisha meneja anaziita kidogo kidogo kwa miaka mitano hivi, kila anapopata kampuni ya kununua hisa. Mfuko huishi miaka 10, na mara nyingi mkataba unaruhusu kuongeza mwaka mmoja, kisha mwingine. Katikati hapo hakuna dirisha la kwenda kutoa fedha zako kama ilivyo kwa mfuko wa pamoja wa soko la fedha. Ndiyo maana maswali yote yanaulizwa kabla ya saini. Baada ya hapo unabaki na kura chache tu ulizojiwekea kwenye mkataba.

Zimerudi ngapi?

Kwenye ripoti ya meneja utakuta vifupisho vitatu. DPI ni fedha taslimu zilizokwisha kurudi kwa wawekezaji kwa kila dola iliyoitwa. TVPI ni hizo hizo zikijumlishwa na makadirio ya thamani ya kampuni ambazo bado hazijauzwa. IRR ni kiwango cha faida kwa mwaka, kikizingatia fedha ziliingia lini na kutoka lini.

Chukua mfuko ulioita dola milioni 10, ukarudisha milioni 2, na ukasema kampuni zilizobaki zina thamani ya milioni 23. TVPI yake ni 2.5, na hiyo ndiyo itakayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza. DPI yake ni 0.2. Kwa lugha ya nyumbani: ulitoa shilingi, ukarudishiwa senti 20, na zilizobaki unaambiwa zipo njiani. Mfuko wenye umri wa miaka mitatu hauna kosa kuwa hapo, kwani kampuni changa hazikomai haraka. Ukiwa na miaka tisa, hiyo ni habari nyingine.

Kwa IRR, uliza maswali mawili. Ni kabla au baada ya ada na mgao wa meneja, yaani sehemu ya faida anayojichukulia? Na mfuko ulikopa benki? Baadhi ya mameneja hununua kampuni kwa mkopo wa muda mfupi, kisha huita fedha za wawekezaji miezi sita au tisa baadaye. Saa ya IRR huanza kuhesabu siku fedha zako zilipoingia, basi muda unafupika na asilimia inapanda bila kampuni yoyote kuuza hata sabuni moja zaidi. Omba namba mbili, yenye mkopo na isiyo na mkopo.

Halafu omba jedwali la kila uwekezaji uliowahi kufanywa, na kwa kila mstari uone tarehe, kiasi, asilimia ya hisa, fedha zilizorudi, thamani ya sasa, na nani hasa kwenye timu aliileta hiyo kampuni. Zilizokufa ziwemo. Meneja akileta jedwali la kampuni 12 ilhali hesabu zilizokaguliwa zinaonyesha 19, mkutano umeshakwisha hata kama chai bado haijaletwa.

Wengi wanaochangisha fedha Nairobi au Dar es Salaam leo wako kwenye mfuko wa kwanza au wa pili, na DPI hawana. Si sababu ya kuwafukuza. Hapo uliza juu ya kazi ya awali: kampuni anazodai aliziwekezea akiwa mwajiriwa mahali pengine, yeye ndiye aliyezitafuta, au alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao? Mwajiri wa zamani anaweza kuthibitisha kwa barua. Akikosa barua hiyo, wapigie waanzilishi wa kampuni zenyewe uwaulize nani alikuwa anakaa kwenye bodi yao.

Hesabu ya mfuko wa dola milioni 20

Hii ndiyo sehemu ambayo wadhamini wengi huiruka, na ndiyo yenye jibu. Shika kikokotoo.

Mfuko wa dola milioni 20 unatoza asilimia 2 kwa mwaka. Miaka mitano ya kwanza ada inahesabiwa juu ya ahadi yote: 400,000 kwa mwaka, jumla milioni 2. Miaka mitano inayofuata mikataba yenye haki huihamishia kwenye gharama ya kampuni ambazo bado hazijauzwa. Tuseme wastani ni milioni 10, basi ni 200,000 kwa mwaka, jumla milioni 1. Ongeza mkaguzi, wanasheria, msimamizi wa hesabu na leseni: ukiweka 150,000 kwa mwaka, miaka kumi ni milioni 1.5. Kati ya zile 20, zinazofika kwenye kampuni ni 15.5.

Sasa meneja ameahidi kuwarudishia wawekezaji mara tatu, yaani milioni 60. Yeye naye anachukua asilimia 20 ya faida. Ili wawekezaji wapate 60, mauzo yote lazima yalete 70: faida ni 50, meneja anabeba 10, zinabaki 60. Kwa hiyo milioni 15.5 zinatakiwa kuzaa 70, ambayo ni mara 4.5.

Twende mbele. Tuseme atanunua kampuni 20, na nusu ya fedha ataiweka akiba ya kuziongezea zile zitakazofanya vizuri. Hundi ya kwanza ni dola 387,500 kwa kampuni. Akisema analenga asilimia 15 ya hisa za kila kampuni, maana yake anaingia kampuni zikiwa na thamani ya dola milioni 2.6 hivi. Kisha fungua jedwali lake uone ameingia kwa thamani gani mwaka jana. Ukikuta milioni 8, hundi hiyo inanunua chini ya asilimia 5, na mpango aliokuonyesha si mpango anaoufuata.

Tuchukue kwamba ni 15 kweli. Kampuni ikichangisha mara mbili zaidi, na kila mara ikauza asilimia 20 kwa wageni, zile 15 zinakuwa 12, kisha 9.6. Akiba inaweza kuzuia kupungua huko kwa kampuni chache, lakini haiwezi kuzuia kwa zote. Kwa mkono mwepesi sema mfuko utakuwa na asilimia 10 siku ya kuuza. Kupata milioni 70 kwa asilimia 10, kampuni zitakazouzwa lazima kwa jumla ziwe na bei ya dola milioni 700.

Milioni 700 kwa Afrika Mashariki ni ngapi? Kampuni ya malipo ya DPO, iliyoanzia Nairobi, ilitangazwa Julai 2020 kununuliwa na Network International ya Dubai kwa dola milioni 288, na ni miongoni mwa mauzo makubwa yanayotajwa kila meneja anapoulizwa habari za kuuza. Mwenye asilimia 10 ya kampuni ya bei hiyo angepata 28.8. Meneja wetu anahitaji karibu DPO mbili na nusu, kutoka kwenye mfuko mmoja mdogo.

Hatusemi haiwezekani. Anaweza kuwa ananunua bei ya chini zaidi, anashika hisa nyingi zaidi, au anauza sehemu yake kwa wawekezaji wakubwa wa raundi za baadaye (raundi ni awamu ya kampuni kuchangisha fedha) kabla kampuni yote haijauzwa. Swali ni moja tu: afanye hesabu hii mbele yenu ubaoni, kwa kampuni zake mwenyewe, akitaja mnunuzi wa aina gani na kwa bei gani. Anayeijua kazi huifanya kwa dakika kumi. Asiyeijua hurudi kwenye ukuaji wa soko. Na asikutajie soko la hisa kama mlango wa kutokea bila maelezo: madirisha ya kampuni ndogo Nairobi na Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 2013 na hayakupata kampuni nyingi.

Katika hesabu hiyo hiyo kuna mtego wa mpangilio wa malipo. Wawekezaji wa raundi za baadaye kwa kawaida huweka sharti la kurudishiwa fedha zao kwanza. Kampuni ikiwa imechukua milioni 12 kwa sharti hilo, ikauzwa milioni 15, wa mwanzo wanagawana milioni 3, si 15. Asilimia 9.6 za mfuko wako zinaweza kuleta chini ya dola 300,000 badala ya zaidi ya milioni 1.4. Kwa hiyo usiridhike na asilimia ya hisa. Uliza kampuni ikiuzwa kwa bei fulani, mfuko unapata kiasi gani mkononi.

Bei ya kwenye karatasi iliwekwa na nani?

Kampuni isiyo sokoni haina bei ya kila siku. Thamani inayoandikwa kwenye ripoti ya robo mwaka mara nyingi ni bei ya raundi ya mwisho. Basi uliza: raundi hiyo ilikuwa lini, nani aliongoza, na fedha za mgeni zilikuwa kiasi gani? Bei ya mwaka 2021, wakati fedha zilikuwa rahisi duniani kote, ikiwa bado imeandikwa vilevile miaka mitatu baadaye ilhali kampuni imefunga matawi, hiyo si thamani. Kuna pia wanaopandisha thamani kwa kutumia ukomo wa bei uliotajwa kwenye hati ya mkopo unaogeuka hisa. Ukomo si bei, kwa kuwa hakuna aliyenunua kwa bei hiyo. Na kama raundi ya mwisho iliongozwa na mfuko wa pili wa meneja huyo huyo, amejiuzia mwenyewe. Hilo liruhusiwe tu kwa kibali cha kamati ya ushauri ya wawekezaji, na kibali hicho ukione.

Sarafu nayo haisamehi. Mfuko ni wa dola, wateja wa kampuni wanalipa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160, kisha baadaye mwaka huo ikarudi karibu 129. Kampuni yenye mauzo ya shilingi milioni 113 ilikuwa ya dola milioni moja. Kwa 160, mauzo hayo hayo ni dola 706,000. Ili ibaki pale ilipokuwa tu, ilihitaji kukua asilimia 42 kwa shilingi. Mwombe meneja ukuaji wa kila kampuni kwa sarafu zote mbili, utaona tabasamu zikipungua.

Fedha zilizoitwa ziko wapi leo?

Swali hili linaonekana la kukosa adabu. Liulize hivyo hivyo, maana lingeokoa watu wakubwa sana. Abraaj, kampuni ya Dubai iliyokuwa ikisifiwa kote katika nchi zinazoendelea, iliendesha mfuko wa afya wa dola bilioni 1 uliolenga kununua na kujenga hospitali Afrika na Asia Kusini, Nairobi ikiwemo. Ulikuwa mfuko wa kampuni zilizokwisha kukua kuliko wa kampuni changa, lakini mikataba ni ya familia moja. Mwaka 2017 baadhi ya wawekezaji, Taasisi ya Bill na Melinda Gates ikiwa miongoni mwao, walianza kuuliza: fedha zimeitwa, hospitali hazijajengwa, salio liko wapi? Waliendelea kudai taarifa za benki. Juni 2018 Abraaj iliomba kuwekwa chini ya wafilisi wa muda huko Visiwa vya Cayman, na mwaka 2019 mamlaka ya fedha ya kituo cha kimataifa cha Dubai ilizitoza kampuni mbili za kundi hilo faini ya jumla ya takriban dola milioni 315.

Mbinu zilizoelezwa na mamlaka hiyo zinafundisha kuliko faini yenyewe. Fedha za wawekezaji zilitumika kulipia gharama za kampuni ya meneja. Tarehe ya kufunga hesabu ilipokaribia, fedha zilikopwa kwa siku chache ili salio la benki lionekane kamili. Na kwenye mfuko mmoja, tarehe ya mwisho wa mwaka wa fedha ilisogezwa ili upungufu usionekane.

Kwa hiyo salio la tarehe 31 Desemba halikutoshi. Omba taarifa ya benki ya mwaka mzima yenye kila kuingia na kutoka, iletwe na msimamizi wa hesabu asiye mwajiriwa wa meneja. Uliza fedha iliyoitwa isipotumika inarudishwa baada ya siku ngapi. Mikataba mizuri huweka ukomo, mathalani siku 60 au 90. Uliza nani anaidhinisha malipo benki, na kama meneja anaweza kutuma fedha peke yake. Uliza pia kama mkaguzi au mwisho wa mwaka wa fedha umewahi kubadilishwa, na kwa nini.

Vifungu vinavyouma baadaye

Mwito wa fedha huja na muda mfupi, siku 10 za kazi ni jambo la kawaida. Usipolipa, adhabu huanzia riba na inaweza kufika kupokonywa nusu ya sehemu yako au kulazimishwa kuiuza kwa bei ya hasara. Chama ambacho wanachama wake hukopa kwa wingi Januari kwa ajili ya karo kinaweza kujikuta hakina fedha taslimu wakati huo huo mwito umefika. Omba ratiba ya miito ya mifuko iliyopita uone ilivyokuja, kisha panga hati za serikali za siku 91 na 182 ziive kwa mfuatano huo.

Ada: je, meneja au watu wake wakilipwa posho za vikao na kampuni walizowekezea, posho hizo zinakatwa kwenye ada ya usimamizi? Zikatwe zote. Mgao wa faida: unalipwa mfuko mzima ukishawarudishia wawekezaji mtaji na kizingiti, yaani faida ya chini wanayopata kwanza, ambayo mara nyingi ni asilimia 8 kwa mwaka, au unalipwa kampuni moja moja? Kwa kampuni moja moja, meneja anaweza kula faida ya mwaka wa nne kisha hasara za mwaka wa nane mkabaki nazo nyinyi. Mkataba ukiwa hivyo, kuwe na sharti la kurudisha, na fedha ya kurudisha iwe imetengwa kwenye akaunti maalumu. Kumdai mtu aliyekwisha kujenga nyumba ni kazi ya mawakili.

Meneja mwenyewe ametia kiasi gani? Asilimia 1 hadi 3 ya mfuko ndiyo desturi, lakini uliza ni fedha taslimu kutoka mfukoni, au ni ada aliyosamehe. Ya pili haimuumi.

Kuhusu watu, mkataba utaje kwa majina wale ambao wakiondoka, uwekezaji mpya unasimama. Kumwondoa meneja kwa kosa kunawezekana, lakini soma tafsiri ya kosa: kama inadai hukumu ya mwisho ya mahakama, utasubiri rufaa zote ziishe huku ada ikiendelea kukatwa. Dai pia haki ya kumwondoa bila kosa kwa kura za wenye asilimia 75 ya ahadi.

Simu za kuulizia sifa zake usizipige kwa wale aliokuandikia yeye tu. Tafuta mwanzilishi ambaye kampuni yake ilikufa akiwa na meneja huyu kwenye bodi, umuulize simu zake zilipokelewaje miezi ya mwisho. Na mwekezaji aliyeingia mfuko wa kwanza akakataa wa pili ana maneno machache, lakini yasikilize.

Mahali pa usajili ni la wanasheria zaidi, ila uliza kodi itakayolipwa siku ya kuuza, na meneja aionyeshe kwenye hesabu yake. Kenya ilipandisha kodi ya faida ya mtaji kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilibatilisha hatua iliyokuwa imeupa nguvu mkataba wa kodi na Mauritius, ambako mifuko mingi ya eneo hili husajiliwa. Makadirio ya zamani yanayotumia asilimia 5 bado yanazunguka.

La mwisho kuuliza ni la mwaka wa 10. Kampuni ambazo hazijauzwa zitafanywaje, ada katika miaka ya nyongeza ni kiasi gani, na nani anapiga kura ya kuongeza? Mikataba kadhaa humruhusu meneja kufunga mfuko kwa kuwagawia wawekezaji hisa zenyewe badala ya fedha. Mfuko wa pensheni unaweza kuamka ukiwa na asilimia 0.4 ya kiwanda cha chakula cha kuku, bila kiti kwenye bodi wala mnunuzi. Dai kifungu kiandikwe kwamba hisa zinazoweza kugawiwa ni zile tu zilizoorodheshwa sokoni na zinazouzika siku hiyo.